Busu Moja kwa Msahihishaji

Enid Pickersgill alifika kwenye karakana ya mchonga mawe Jumatatu ya pili ya Machi, saa tatu asubuhi, akiwa na bahasha mbili mkobani. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mumewe. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe.

Nell Sugden, mchonga mawe, alijifuta vumbi mikononi akaifungua ile ya kwanza. Horace Pickersgill alikuwa ameandika maneno ya jiwe lake miaka sita kabla ya kufa, kwa taipureta, na kuacha nafasi pana kati ya mistari kama alivyozoea kazini. Jina lake, mkato, kazi yake, nukta. Kuzaliwa, nukta. Kufa, pengo, nukta. Chini kabisa aliongeza agizo: "Jiwe lisomwe mara tatu kabla ya kusimamishwa, na mara ya tatu lisomwe kinyumenyume."

"Kinyumenyume tena?" Nell aliuliza.

"Ukisoma kwenda mbele unaona unachokitarajia, ukisoma kurudi nyuma unaona kilichoandikwa," Enid alisema. "Nimeyasikia hayo mezani miaka arobaini na sita, mwanangu. Hata chupa ya jemu ilisomwa kinyumenyume."

Nell akacheka, akafungua bahasha ya pili. Ndani mlikuwa na kikaratasi chenye herufi moja tu: x.

Hakuhitaji kuelezwa. Hakuna mtu katika mji mdogo wa Askerdale asiyeijua hiyo alama. Siku hizi kila ujumbe huishia nayo, na maana yake ni busu. Jirani hupewa moja, dada hupewa mbili, mchumba hupewa mstari mzima. Mara nyingine hata fundi bomba huangukiwa na moja kwa sababu kidole kimezoea, na aliyeituma hukaa na aibu wiki nzima, akijificha nyuma ya pazia kila gari la fundi linapopita.

"Nikuwekee wapi?" Nell aliuliza.

"Mwisho kabisa. Nukta yake ya mwisho, halafu x yangu. Basi."

"Mimi nachonga chochote, mama, hata mbwa nimechonga. Ila yale makaburi ni ya kanisa. Kamwone kasisi kwanza, nisije nikaambiwa niling'oe."

Lazima niwaambie Horace alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo mtadhani Enid alikuwa bibi wa vituko tu. Kwa miaka thelathini na minane Horace alikuwa msahihishaji wa gazeti la wilaya. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, na kalamu nyekundu, akisoma kila kitu kabla hakijachapwa: mazishi, mechi, bei za kondoo. Alipostaafu aliileta kalamu nyumbani. Alisahihisha barua za benki akawarudishia. Alisahihisha karatasi ya muuza maziwa mpaka muuza maziwa akaacha kuandika, akawa anagonga mlango. Ikaja simu ya mkononi, na pamoja nayo dunia iliyotupa herufi kubwa na kuacha nukta kabisa, na Horace akabaki peke yake upande wa pili, akituma ujumbe wenye vituo vyote na jina lake kamili mwishoni, kana kwamba simu haioneshi aliyetuma.

"Babu Horace, usiweke nukta," msichana mmoja wa kwaya alimshauri siku moja. "Watu wanadhani umenuna."

"Nukta ni nukta," Horace alimjibu. "Hainuni."

Enid alikuwa mpishi wa shule, na aliandika kama alivyoongea, bila kupumua. Kila ujumbe wake kwa Horace uliishia na x. Ujumbe wa Horace kwake uliishia na "Horace Pickersgill". Hilo lilimuuma kwa miaka mingi, tena lilimuuma kweli, ila ni maumivu ya kuishi nayo tu, mtu anayazoea kama mlango unaokwaruza.

Novemba Horace akaenda hospitali ya mjini kubadilishwa nyonga. Asubuhi Enid alimtumia: "Usiogope mpenzi watakurudisha mzima nitakuja kesho na keki x". Jioni likaja jibu: "Nimefika. Kitanda ni kigumu. Rudisha kitabu cha maktaba, kimepitisha siku. Horace Pickersgill."

Enid aliusoma akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Huyu mtu nimembusu, naye ananituma maktaba! Damu ikampanda. Akaandika neno moja: "Sawa." Akaweka nukta, ya kwanza aliyowahi kuiweka kwenye simu maishani mwake, na hakuweka busu. Alijua fika anachokifanya. Alilala vizuri usiku ule, akijisifu moyoni kwamba safari hii amempata.

Alfajiri moyo wa Horace ulisimama usingizini, hata nyonga yenyewe haijaguswa. Basi neno la mwisho la Enid kwa mume wa miaka arobaini na sita likawa "Sawa" yenye nukta. Hakumwambia mtu yeyote. Kila alipofungua simu aliliona pale, chini ya ujumbe wa Horace, na aliogopa kuongeza kitu juu yake na aliogopa kulifuta. Ndiyo maana aliitaka ile x. Alikuwa amemnyima mumewe busu, na sasa alitaka kumpa, mahali ambapo lingefika.

Kasisi Tamsin Holroyd alikuwa na miaka thelathini na minne, mwema kupita kiasi, na mwoga wa kumkera mtu yeyote aliye hai. Aliahidi kuzisoma kanuni za makaburi. Baada ya siku mbili simu ya Enid ikalia: "Bi Enid pole sana nimesoma mara mbili mabusu hayaruhusiwi kwenye mawe naumia kukwambia x".

Enid alivaa koti, akapanda kilima mpaka nyumba ya kasisi, akamshikia simu usoni.

"Tamsin, hiki hapa mwishoni ni nini?"

Kasisi aliangalia, akawa mwekundu mpaka shingoni. "Ni... busu."

"Yaani unaninyima busu kwa busu?"

"Limetoka lenyewe, Bi Enid! Kidole kimezoea. Mwaka jana nilimtumia Askofu moja. Aliniagiza ripoti ya paa, nikamjibu nimepokea, nikambusu."

"Akasemaje?"

"Alikaa kimya siku mbili. Halafu akajibu 'Asante x'. Mpaka leo tukikutana hatuangaliani machoni."

Enid alitaka kuendelea kukasirika lakini kicheko kilimshinda. Tamsin akamkaribisha ndani, akamtengenezea chai, akamweleza kwamba kuna njia moja. Angepeleka ombi rasmi kwa Shemasi Mkuu, ambaye ndiye mwamuzi wa makaburi ya wilaya nzima. Tangazo lingebandikwa mlangoni pa kanisa siku ishirini na nane. Pasipotokea mpinzani, huenda ikapita.

"Nani atapinga busu?" Enid alisema.

Cuthbert Oldroyd alipinga siku ya pili. Cuthbert alikaa meza moja na Horace kwenye kile chumba kisicho na dirisha, wakitazamana, kwa miaka thelathini na moja. Alilisoma tangazo la kasisi akiwa amevaa kofia yake ya mvua, akalisahihisha palepale mlangoni kwa wino mwekundu, makosa kumi na moja kwenye mistari saba, halafu akabandika pingamizi lake pembeni. Liliandikwa kwa mkono, safi kabisa: "Alama hiyo si neno, si namba, wala si kituo. Marehemu asingeipitisha."

Enid alimkamata kwenye duka la mikate Jumamosi, mbele ya foleni yote.

"Cuthbert Oldroyd! Kila Ijumaa kwa miaka ishirini umekula pai mezani kwangu."

"Na zilikuwa pai nzuri, shemeji. Sina ugomvi na pai."

"Sasa busu langu linakuwasha nini?"

"Halinihusu mimi, linamhusu Horace." Cuthbert alivua kofia, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu hata akigombana. "Watu wameacha nukta, shemeji. Wameacha mkato. Wanaandika majina yao kwa herufi ndogo kana kwamba wanaona haya kuzaliwa. Yale makaburi ndipo mahali pekee palipobaki safi katika mji huu. Mtu akizikwa chini ya kosa analala chini yake milele, na hawezi tena kunyoosha mkono akalifuta."

"Mimi ndiye mkewe."

"Na mimi ndiye niliyebaki na kalamu," alisema Cuthbert, akageukia mikate haraka.

Enid aliona jinsi alivyogeuka. Alijua vizuri kwamba huyu mzee hakuwa na mtu mwingine duniani wa kubishana naye kuhusu mkato, na kwamba tangu Novemba alikuwa akila chakula cha mchana peke yake na gazeti. Kumwonea huruma hakukumfanya asimchukie. Alinunua mkate wake akatoka bila kuaga, jambo ambalo Askerdale ni sawa na kurusha jiwe dirishani.

Shemasi Mkuu, Lionel Garside, alikuja mwenyewe kusikiliza shauri, Jumanne ya mwisho ya Aprili, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Walikaa kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye viti vile vya plastiki ambavyo vikikaliwa vinalalamika, na birika kubwa la chai likichemka kwenye kona. Walikuwepo Enid, Cuthbert, Kasisi Tamsin, Nell aliyeitwa kama fundi wa jiwe, na watu kama kumi na wawili waliokuja kwa sababu ya mvua na biskuti.

Shemasi Mkuu alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye mafua. Alipiga chafya akaanza.

"Bi Pickersgill, naomba unielewe. Mwezi uliopita mjane mmoja wa bonde la pili aliniomba picha ya bilinganya kwenye jiwe la mumewe. Mumewe alishinda zawadi za bilinganya miaka tisa mfululizo. Nikaona hakuna ubaya, nikasaini. Ni katibu wangu aliyekuja kunieleza vijana wanaitumia vipi hiyo picha kwenye simu."

Tamsin alipaliwa na biskuti, Nell akampiga mgongoni.

"Tangu siku hiyo naogopa kusaini," Shemasi Mkuu aliendelea. "Nikiruhusu x leo, kesho naletewa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, kwenye makaburi! Kwa hiyo nina maswali mawili tu. Kanuni zinasemaje, na marehemu angetaka nini. La kwanza najua jibu lake, na si zuri kwako. Tuangalie la pili."

"La pili lina ushahidi," alisema Cuthbert, akainuka. Chini ya kiti chake alikuwa na masanduku manne ya viatu yaliyofungwa kwa kamba.

Enid aliyajua. Yalikuwa darini kwake, na Cuthbert alikuja kuyaomba wiki iliyopita kwa maandishi, akanukuu kifungu cha kanuni. Ndani mlikuwa na vikaratasi vyote ambavyo Enid aliwahi kumwachia Horace mezani, tangu walipooana mpaka simu zilipokuja. Horace alikuwa akivisahihisha kwa wino mwekundu na kuvihifadhi kwa mpangilio wa miaka. Enid siku zote aliamini anamwekea ushahidi, kwamba ipo siku angefikishwa mbele ya mtu kama huyu Shemasi Mkuu na kusomewa mashtaka. Aliyatoa masanduku kwa hiari. Waone wenyewe, alijisemea, waone nimeishi na mtu gani.

"Kwanza nieleze kazi yetu," Cuthbert alisema, akivaa miwani. "Kwenye chumba chetu kila ukurasa ulipita kwa msahihishaji mmoja. Kosa, aliligusa kwa kalamu nyekundu. Asichokigusa, amekipitisha. Hakuna katikati. Halafu aliweka herufi mbili za jina lake chini, na kuanzia hapo lolote likitokea ni yeye anajibu. Mwaka themanini na tatu Horace alipitisha habari iliyomwita diwani mmoja marehemu, naye yu hai. Alikwenda kumwomba radhi mwenyewe, kwa baiskeli, maili sita, kwenye theluji. Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia. Sasa sikilizeni alivyoonewa nyumbani kwake."

Akafungua sanduku la karibu, akachomoa kikaratasi, akasoma kwa sauti ya mazishi: "'Nimeenda kwa Marjorie supu iko jikoni usiguse keki ni ya mnada wa kanisa.' Horace ameongeza mkato mmoja na nukta mbili. Pembeni ameandika: 'Keki gani?'"

"Alikuwa ameshaikata kipande!" Enid alisema, na ukumbi ukacheka.

"'paka kala samaki wako si kosa langu.' Herufi kubwa mwanzoni, nukta katikati. Pembeni: 'Ni kosa la nani, basi?'"

Ukumbi ukacheka zaidi. Masikio ya Enid yalimwaka moto. Hakuwa amefikiri jinsi itakavyokuwa kusikia jikoni kwake kukisomwa mbele ya watu na mtu aliyevaa miwani. Aliangalia mikono yake, mikono ya mpishi, na alitamani angeyaacha darini yale masanduku na panya wake.

Cuthbert alisoma cha tatu na cha nne. Cha tano alikisoma polepole zaidi. Cha sita alikishika, akakiangalia, akakiweka chini bila kukisoma. Akachukua kingine. Kingine tena. Akawa anavipitia haraka haraka kama mtu anayetafuta tiketi, midomo ikimcheza, mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Bwana Oldroyd?" Shemasi Mkuu aliuliza.

"Subiri kidogo."

Akafungua sanduku la pili. La tatu. Chai yake ilipoa ikatengeneza utando. Mwisho akafungua la nne, lenye karatasi zilizogeuka rangi, akachimba mpaka chini kabisa, na hapo akasimama na kikaratasi kimoja mkononi.

"Cuthbert," Enid alisema, kwa sababu hakuweza kuvumilia, "kama una kingine cha kuwachekesha watu juu yangu, kisome tuondoke."

Cuthbert alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alipoongea hakumwangalia Shemasi Mkuu, alimwangalia yeye.

"Shemeji, mwaka sabini na tisa uliandika: 'Nakupenda rudi mapema.' Halafu ukaweka x tano."

"Tulikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa," Enid alisema. "Nakumbuka. Alizifuta. Niliona wino mwekundu kabla sijavua kofia, nikamrushia kitambaa cha vyombo, sikukiangalia tena."

"Hakuzifuta. Amefuta nne." Cuthbert alikigeuza kikaratasi ili wote waone, ingawa hakuna aliyeweza kuona kutoka kule. "Mstari mwekundu umepita juu ya nne. Pembeni ameandika: 'Marudio. Moja inatosha.' Ya tano ipo. Na chini yake ameweka H.P."

Nell aliinuka kitini ili akione vizuri.

"Baada ya hapo umeweka moja kila siku," alisema Cuthbert.

"Kwa hasira! Nilisema kama anafuta tano, basi nitaweka moja, aifute na hiyo."

"Nimepitia masanduku yote manne. Amegusa kila kitu chako, shemeji. Amegusa mkato, amegusa tahajia ya kabichi, amegusa mpaka tarehe. x hakuigusa hata mara moja, hata kwenye vile nilivyovisoma bila kuitaja. Ningesema ilimpita machoni. Horace kitu hakikumpita machoni, na mtu aliyefuta nne akaacha moja ameiona, ameipima, ameipitisha. Kisha akaisainia." Alikaa, na kiti kikalalamika. "Naondoa pingamizi langu."

Enid alitaka kusema kitu cha kumkomoa, alikuwa nacho tayari tangu duka la mikate, lakini kilichotoka kilikuwa kingine kabisa. Aliwaeleza kuhusu kitabu cha maktaba. Aliwaeleza kuhusu ile "Sawa", na ile nukta, na jinsi alivyolala vizuri usiku ule. Aliyasema yote kwa pumzi moja, bila mkato, watu kumi na wawili na biskuti zao wakimsikiliza, na alipomaliza alikuwa analia bila kujificha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Miaka yote nilidhani halitaki," alisema. "Nilidhani analivumilia tu. Siku moja niliyomnyima ndiyo siku aliyokufa."

Tamsin alimshika mkono. Shemasi Mkuu alipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko mafua yalivyohitaji, halafu akafungua kijitabu chake cha kanuni, akakisoma, akakifunga, akakifungua tena.

"Siwezi kuiruhusu," alisema mwishoni, na ukumbi wote ukaguna. "Sikilizeni kwanza! Kifungu cha tisa kinasema maandishi yote yanayosomeka juu ya jiwe. Yanayosomeka. Bi Sugden, jiwe la aina hii linaingia ardhini kiasi gani?"

"Futi moja na nusu," Nell alisema. "Likipungua hapo, upepo wa Januari unalilaza."

"Na hiyo futi moja na nusu, nani huikagua?"

"Minyoo, Baba Shemasi."

"Minyoo haiko chini ya wilaya yangu," alisema Shemasi Mkuu. "Kanuni zangu zinaanzia kwenye majani. Kilicho chini ya majani sijakiona, sijaulizwa, wala sijakijibu. Kasisi Holroyd, naomba muhtasari uandikwe kwamba ombi limekataliwa na pande zote zimeridhika. Kuna biskuti nyingine?"

Wiki tatu baadaye Enid alirudi karakana. Jiwe lilikuwa limelala juu ya magogo mawili, limekamilika, na maneno ya Horace yamekaa sawasawa kama alivyoyapanga, vituo vyote mahali pake. Cuthbert alikuwa amefika kabla yake. Alilisoma mara ya kwanza, akalisoma mara ya pili, halafu akazunguka akaanzia mwisho, akisogeza kidole herufi moja moja kurudi nyuma, mpaka kwenye H ya Horace.

"Safi," alisema.

Chini ya maandishi jiwe lilikuwa halijasuguliwa, sehemu ile ya kuzikwa. Nell alichora x kwa chaki, akashika tindo na nyundo.

"Nikuchongee upande upi, mama? Huu wa mbele au wa nyuma?"

"Yeye kalala upande upi?"

"Huu wa mbele. Jiwe linakaa kichwani pake, linamwangalia."

"Basi hapo hapo. Siwaandikii wapita njia." Enid alivua glavu. "Na nipe hiyo nyundo."

"Ni kazi ngumu, mama."

"Nimekata nyama ya watoto mia tatu kila siku kwa miaka ishirini na tisa. Nipe."

Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili tindo liliteleza kwenye punje ngumu ya jiwe, mstari ukakimbilia pembeni, mguu mmoja wa x ukawa mrefu kuliko mwingine. Nell alinyoosha mkono kusaidia, akisema inaweza kusawazishwa, ni dakika tano tu. Cuthbert naye aliinama, akakohoa, vidole vikimwasha.

"Asiguse mtu," Enid alisema.

Walilisimamisha siku ya Alhamisi. Wanaume wawili walilishusha kwa kamba, Tamsin akasoma sala fupi, na Enid akapiga magoti kwenye majani yenye umande ili aione x ikipita ukingo wa shimo. Ilipita, imepinda vilevile, ikazama upande aliolala Horace. Udongo ukaanza kurudishwa. Enid aliusukuma wa kwanza kwa mikono yake, akaushindilia kuzunguka jiwe kwa ngumi kama anayeshindilia unga kwenye sufuria ya keki, akimwambia mumewe kwa sauti ambayo wote waliisikia na hakuna aliyejali:

"Haya, pokea. Na usinijibu maktaba."